Nani Amsahihishe Kiongozi?

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa, Waziri Mkuu Julius Nyerere alijiuzulu. Hakuwa ameshindwa uchaguzi, wala Bunge halikuwa limempigia kura ya kutokuwa na imani naye. Aliiacha serikali mikononi mwa Rashidi Kawawa, akarudi kwenye chama chake, TANU, akaanza kuzunguka nchi akizungumza na wanachama. Mwaka huohuo akaandika kijitabu chembamba alichokiita Tujisahihishe, na mwezi Desemba akaingia Ikulu akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri. Mambo hayo matatu kwa kawaida husimuliwa kila moja peke yake: kujiuzulu kama mbinu ya siasa, kijitabu kama wosia wa mwalimu, na urais kama hatua iliyotarajiwa. Yakiwekwa pamoja huonyesha jambo jingine. Chama kilichokwisha kushika dola kilikuwa kinajaribu kuufanya uongozi uwe kazi ya kujifunza, yenye somo, mtihani na masahihisho, na si kipaji cha kuzaliwa nacho wala zawadi ya kupewa.

Jaribio hilo lilidumu, kwa sura mbalimbali, karibu miaka 30, na limetuachia ushahidi mzito kuliko vitabu vingi vya siku hizi vinavyomwahidi msomaji kwamba atakuwa kiongozi akijaza dodoso la kujipima na kusoma maisha ya watu mashuhuri. Ukiufuatilia ushahidi huo hatua kwa hatua, unakutana na jambo moja linalojirudia. Kujipima na kusoma viongozi wengine kulimjenga kiongozi pale tu palipokuwa na mtu wa kumwambia amekosea, mtu ambaye angeweza kusema hivyo asidhurike, na ambaye neno lake lingebadili jambo. Watu wa namna hiyo walipoondolewa, desturi ya kujipima haikufa. Iliendelea, ila iligeuka kuwa maungamo yanayotolewa baada ya hasara, na hasara yenyewe ikiwa imekwisha kulipwa na wengine.

Kabla ya TANU, elimu ya uongozi Tanganyika ilikuwa na njia mbili ambazo hazikukutana. Ya kwanza ilikuwa ya serikali ya kikoloni. Waingereza walitawala kupitia machifu, hivyo walihitaji machifu waliosoma, na shule ya serikali ya Tabora ilikusudiwa kuwanoa watoto wao kwa mtindo wa shule za bweni za Kiingereza: viranja, mabweni, michezo na nidhamu. Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 akiwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alipita hapo kabla ya kwenda Makerere na baadaye Edinburgh. Falsafa ya shule hiyo ilikuwa rahisi: kiongozi huzaliwa, shule humsafisha. Njia ya pili ilikuwa ya mitaani, na haikuwa na cheti. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU tangu 1955, hakupita Tabora wala Makerere. Alijulikana Dar es Salaam kama mwimbaji katika vikundi vya ngoma, na vikundi hivyo ndivyo vilivyompa mtandao wa kwanza wa wanachama. Katika ngoma hukumu haicheleweshwi. Mwimbishaji asiyeitikiwa anajua palepale kwamba wimbo wake haukupokelewa, na hakuna cheo cha kumfichia aibu hiyo. Chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kilikuwa na watu wa njia zote mbili, na nguvu yake ya miaka ya mwanzo ilitokana na kwamba wasomi wa Tabora walilazimika kusema mbele ya watu waliozoea kuitikia au kunyamaza kwa hiari yao.

Kujihesabu nafsi hakukuwa kitu kigeni kwa wanachama hao. Muislamu wa pwani alijua muhasaba, yaani mtu kuikagua nafsi yake kabla hajakaguliwa na Mola wake. Mkatoliki wa bara alifundishwa kuchunguza dhamiri kabla ya kuingia kwenye kitubio. Lakini ukaguzi huo ulikuwa wa faragha, kati ya mja na Mungu. Jipya lililoletwa na Tujisahihishe lilikuwa kuutoa ukaguzi sirini na kuuweka mezani, ndani ya mkutano wa chama. Hoja yake kuu ni kwamba ukweli haumpendelei mtu. Haujali kama aliyeusema ni mkubwa au mdogo, rafiki au adui, na anayeupuuza ataadhibiwa nao hata kama ana cheo. Kwa sababu hiyo kijitabu kinaukemea mtindo wa kuangalia nani amesema badala ya kuangalia amesema nini, na kinawakemea wanachama wanaoogopa kusema wanachokiamini. Tazama ni kina nani wanaoonywa hapo. Si kiongozi peke yake. Mwanachama mnyamavu naye amewekwa kwenye kundi la wenye makosa. Mwandishi alijua kwamba kiongozi hawezi kujisahihisha akiwa amezungukwa na watu wanaotingisha vichwa.

Wapo wanaosema desturi hii ililetwa kutoka China, ambako wakomunisti walikuwa na vikao vyao vya kujikosoa. Mpangilio wa miaka haukubaliani na dai hilo. Kijitabu ni cha 1962, na Nyerere alifika China kwa mara ya kwanza Februari 1965. Ni kweli kwamba alirudi akiwa amevutiwa na jinsi viongozi wa huko walivyoishi bila makuu, na ni kweli kwamba vazi lake lilikuja kufanana na lao. Lakini kuvutiwa huko kulikuta desturi imekwisha kuanza. TANU ilisoma wengi. Katiba yake ya mwanzo ilifuata kwa kiasi kikubwa ile ya chama cha Kwame Nkrumah cha Gold Coast. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa ajili ya watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kusoma, kilifuata mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoko Oxford. Kuiga hakukuwa aibu. Swali lilikuwa kama mwigaji anajua anachukua nini na anaacha nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kusoma viongozi wengine ni kazi aliyoifanya Nyerere usiku, baada ya saa za serikali: kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, ikarekebishwa na kutolewa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Si jambo la kawaida kwa rais mpya kuchagua hadithi ya mtawala anayeuawa na rafiki zake, tena mwaka uleule ambao Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na wanajeshi. Ndani ya tamthilia hiyo yamo mafunzo mawili yanayogusa moja kwa moja suala letu. Mwanzoni Cassius anamuuliza Brutus kama anaweza kuuona uso wake mwenyewe. Brutus anajibu kwamba jicho haliwezi kujiona bila kitu cha kuliakisi, na papo hapo Cassius anajitolea kuwa kioo chake. Brutus ni mtu mwadilifu na anajitafakari kuliko wote jukwaani, lakini kioo alichokipokea kimepinda, na uadilifu wake unatumiwa kwa njama. Baadaye, siku ya kuuawa, mtu aitwaye Artemidorus anampa Caesar barua yenye majina ya wauaji na kumsihi aisome kwanza kwa kuwa inamhusu yeye. Caesar anakataa kwa maneno yanayosikika kama ya kiungwana: yanayomhusu yeye mwenyewe yatakuwa ya mwisho. Mmoja amekubali kioo cha uongo, mwingine amekataa cha kweli, na wote wawili wanaangamia wakijiona wema.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba kusoma tamthilia hakumkingi kiongozi na lolote, na Januari 1964 inampa ushahidi. Tarehe 20 mwezi huo askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Rais alifichwa, jiji likaporwa, na mwishowe serikali ikaomba majeshi ya Uingereza yazime maasi. Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa fedheha kwa nchi huru kufanya hivyo. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa kweli linaiunga mkono hoja yetu. Malalamiko ya askari hayakuwa siri. Kilichokosekana ni mlango wa kuyafikisha kwa mtu mwenye uwezo wa kuyatatua kabla hayajawa bunduki. Tafakuri ya rais usiku juu ya Roma ya kale haikuweza kuchukua nafasi ya mlango huo. Jeshi likavunjwa na kuundwa upya, na serikali ikaanza kutafuta namna ya kuyasikia mambo mapema.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo iliyozaa matunda mengi zaidi, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1965 nchi ilikuwa imekwisha kuwa ya chama kimoja, na wengi walitegemea uchaguzi wa jina tu. Badala yake kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walipanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi kuombea kura. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mmoja wa majabali ya ushirika wa pamba huko Mwanza, aliangushwa. Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, walichaguliwa na wapiga kura Waafrika. Kwa waziri yeyote aliyekuwa akijiuliza kama anaongoza vizuri, hilo lilikuwa jibu ambalo dhamiri yake peke yake isingeweza kumpa. Oktoba 1966 jibu jingine lilitoka upande usiotarajiwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na wakasema viongozi nao wanalipwa kupita kiasi. Nyerere aliwafukuza karibu 400. Lakini kwa hoja ya mishahara aliwakubalia, akaupunguza wake kwa asilimia 20 na kuwakata wakubwa wengine serikalini. Aliwaadhibu waliosema, na papo hapo akakiri kwamba walichosema kilikuwa na ukweli. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliugeuza wito wa kujipima kuwa masharti. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Uongozi ulitafsiriwa kwa mapana: mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika ya umma, watumishi wa ngazi ya kati na ya juu, pamoja na wake au waume zao. Uzuri wa masharti haya ulikuwa kwamba jirani aliweza kuyakagua. Hakuhitaji kuujua moyo wa katibu wa chama. Alihitaji kujua tu nani anakusanya kodi ya nyumba ya tatu pale mtaani. Lakini hapohapo ufa wa kwanza ulionekana. Bibi Titi aliyapinga masharti ya nyumba, hasa kwa kuwa wanawake wa mjini wasio na pensheni walitegemea kodi ya chumba kimoja au viwili uzeeni, akaacha nafasi yake ya uongozi katika chama. Chama kilimpoteza mmoja wa wachache waliokuwa na sauti yao wenyewe, sauti isiyotokana na uteuzi wa mtu. Miaka miwili baadaye alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972.

Mwongozo wa TANU wa 1971, ulioandikwa baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote wa Uganda na baada ya Wareno kuishambulia Guinea, ulikwenda mbali zaidi katika maneno. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi viwandani walikisoma, wakakiamini. Katika miaka miwili iliyofuata migomo mingi ililipuka, nayo haikuwa ya mishahara tu. Ilikuwa dhidi ya mameneja waliotukana watu na kuwadharau. Kwa mara ya kwanza kijitabu cha maadili ya viongozi kilikuwa mikononi mwa wanaoongozwa, nao wakakitumia kama kipimo. Mwanzoni serikali iliwasikiliza. Kufikia 1973 iliwachoka, na waliogoma wakaanza kukamatwa na kurudishwa kwao. Somo walilolipata wengine halikuhitaji kuandikwa ubaoni: kiongozi atajipima mwenyewe, na wewe subiri matokeo.

Mfuatano wa maamuzi ya miaka hiyo unaonyesha jinsi wakosoaji walivyoondolewa mmoja baada ya mwingine, kila mara kwa sababu iliyoonekana ya maana. Huko Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa na vingine vilivyoungana katika Ruvuma Development Association, vijiji vilivyoamua mambo yao katika mikutano yao na kuwawajibisha viongozi wao. Nyerere alivisifu kuwa mfano wa ujamaa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, kwa kuwa hakikuwa chini ya viongozi wa mkoa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na madaraka yake yakahamia kwa watendaji waliotoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Katikati ya hayo, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini. Mamilioni ya watu wakahamishwa, mahali pengine kwa malori na kwa nyumba zao kuchomwa, mara nyingi kwenda kwenye ardhi isiyofaa au mbali na mashamba yao. Waliokuwa wakiujua udongo wa eneo walikuwapo. Waliokuwa na mahali pa kulisemea hilo hawakuwapo tena.

Kisha yakaja masahihisho. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, Nyerere aliandika tathmini ambayo ni marais wachache wa zama zake waliothubutu kuiandika. Alisema waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, akaeleza udhaifu wa mashirika ya umma, uzembe kazini na upungufu wa kilimo. Alipohojiwa mwaka 1984 alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika yalikuwa makosa mawili makubwa, na kufikia wakati huo taasisi zote mbili zilikuwa zinarudishwa kisheria. Hakuna sababu ya kutilia shaka unyofu wa maneno hayo. Lakini tujiulize nani alimwambia mwaka 1972 na 1976, na kwa ngazi ipi. Taasisi ambazo zingeweza kupaza sauti juu ya maamuzi yale ndizo hasa zilizofutwa na maamuzi yenyewe. Halmashauri ya wilaya haiwezi kumpinga anayeifuta ikiwa imekwisha kufutwa. Masahihisho yalikuja baada ya muongo mmoja, kutoka kwa mtu yuleyule aliyekosea, kwa wakati aliouchagua yeye.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote: kwamba desturi nzima ilikuwa kiinimacho. Mwandishi wa Tujisahihishe ndiye ambaye serikali yake, mwaka huohuo wa 1962, ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Anayewaambia watu waseme ukweli huku akiwa na ufunguo wa gereza mfukoni, watasema wengine, anataka sifa za unyenyekevu pasipo gharama yake. Siwezi kuliondoa pingamizi hili, na sitaki. Linaonyesha kwa usahihi mahali jengo lilipokuwa na ufa tangu msingi. Lakini halithibitishi kwamba desturi yote ilikuwa uongo. Kiinimacho hakimwangushi Waziri wa Fedha kwenye sanduku la kura, wala hakipunguzi mshahara wa rais. Ukweli ulio mgumu zaidi ni kwamba mtu anaweza kutaka kwa dhati kusahihishwa na wakati huohuo akaondoa, kwa sheria na kwa amri, kila mtu anayeweza kumsahihisha. Nia njema na mamlaka yasiyo na mpinzani zinaweza kukaa katika kifua kimoja miaka mingi bila mwenyewe kuona mgongano. Mwadilifu kama Brutus hakuuona.

Pingamizi jingine hutoka upande wa pili: kwamba nchi changa, yenye makabila zaidi ya 120 na majirani wenye vita, isingeweza kuvumilia kukosoana, na kwamba kiongozi anayekiri kosa hupoteza heshima. Historia hiyohiyo inajibu. Mawaziri walioanguka mwaka 1965 hawakuanguka na nchi. Na baadaye, washukiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola walipokufa kwa mateso huko Mwanza na Shinyanga, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa ametesa mtu wala kutoa amri ya mateso. Alisema kwa kitendo kwamba cheo kinabeba na makosa ya walio chini yako. Kama kukiri kungekuwa kifo cha kisiasa, jina lake lingeishia hapo. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano, wa kwanza kupokea kijiti kutoka kwa Nyerere. Tofauti kati ya kujiuzulu huko na tathmini ya 1977 ni kubwa. Tathmini ilisema makosa yalitokea. Kujiuzulu kulimgharimu mwenye cheo kitu papo hapo, mbele ya watu, wakati waliodhurika bado wakikumbuka.

Baada ya hapo desturi ilibadilika umbo. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha: hisa, nyumba za kupangisha na mapato ya pili yakaruhusiwa. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, inayowataka wajaze fomu ya mali na madeni yao na kuiwasilisha kwenye chombo cha serikali. Zipo faida hapo: kuna sheria, kuna vyama vya upinzani bungeni, kuna magazeti yasiyo ya chama wala ya serikali. Lakini ukaguzi ule wa jirani, uliohitaji macho tu, ulihamia kwenye kabati la ofisi. Nyerere mwenyewe, akiwa nje ya madaraka, alihamia upande wa wakosoaji. Kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichochapishwa Zimbabwe miaka michache kabla hajafariki, kiliwashambulia kwa uwazi viongozi wa serikali ya chama chake. Aligundua thamani ya kiti cha mkosoaji akiwa amekwisha kukaa juu yake.

Ndiyo maana yafaa kulitazama kwa makini wimbi la sasa la mafunzo ya uongozi, katika semina za mashirika, vyuo na taasisi za serikali. Mshiriki hupewa karatasi ya kujipima, hutambua nguvu na udhaifu wake, husoma habari za Mandela au za mfanyabiashara fulani wa Marekani, kisha hupewa cheti. Hakuna ubaya katika hayo. Nyerere alifanya mengi yafananayo, tena kwa bidii isiyo ya kawaida. Ubaya ni kuyachukua kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtu hujipima kwa kipimo anachokipenda, na huchagua mashujaa wanaofanana naye. Aliye mkali atasoma habari za wakali na kutoka akiwa ameridhika. Anayedai anajijua huku hajawahi kusikia sauti ya mhudumu wa ofisi yake ikimpinga, anajua nusu tu ya habari zake, nayo ni ile nusu iliyo tamu.

Basi wewe unayeongoza, iwe ni kijiji, saccos, darasa, msikiti, kanisa, kampuni au wizara, soma maisha ya wengine na ujihoji kila siku. Lakini kabla ya hayo, tafuta ni nani chini yako anayeweza kukwambia umekosea na kesho akaamkia kazini kama kawaida. Ukiwa huna wa namna hiyo, usijisifu kuwa unapendwa. Jua kuwa umeogopwa. Mpe mtu huyo nafasi iliyoandikwa, isiyotegemea hisani yako, na usiwe wewe wa kuifuta.